Mimea ya Ndani Iliyosahauliwa

Haya yalimpata Thoa, niliyesoma naye chuo, mtu asiyeamini hata utabiri wa hali ya hewa. Kwao, katika mji wa Sa Dec, mwenye nyumba akifa, miti yake hufungwa kitambaa cheupe ipate habari za msiba, isije ikanyauka na kumfuata. Mama yake Thoa alipozikwa, walifunga miti yote ya uani. Mimea ya sebuleni, kwenye rafu za mbao zilizoning'inizwa kwa kamba, wakaisahau.

"Kaifunge, mwanangu," mama yake mdogo alimsihi. "Hiyo aliidekeza kuliko wewe."

"Mama mdogo, mmea wa kwenye kopo nao unajua msiba?" Thoa alicheka, lakini vitambaa akavichukua. Mbali na miti ya uani, mama yake hakumwachia kingine kilicho hai.

Nyumba ilikuwa imefungwa tangu maziko, giza tupu. Alipoingia alisikia kamba zikilia, nyii, nyii, kama rafu zimeachiwa sasa hivi. Maji yalikuwa yakidondoka sakafuni. Akapapasa kopo la kwanza: udongo umelowa, na shinani pana kitambaa kimekwisha kufungwa. La pili vilevile. Yote.

Akawasha tochi ya simu. Vyake vyeupe bado alikuwa navyo mkononi. Vile vya kwenye mimea vilikuwa vya zambarau, vyenye maua madogo, vimechanwa kutoka kwenye gauni ambalo Thoa mwenyewe alimvika mama yake kwenda kuzikwa.