Muwa Ambao Sikuuandika

Kabla jua halijachomoza nilikuwa nimekwisha kuteka maji mara mbili na kufagia uwanja. Mama alikwenda shambani alfajiri na kurudi jioni. Mdogo wangu wa miaka minne, Sarah-Grâce, nilimwacha kwa jirani wakati wa masomo. Saa saba nilimchukua, akawa wangu mpaka jioni. Mimi nina miaka kumi na miwili tu.

Wiki ile jino lilimuuma. Alilia, akakataa bugali, akataka kubebwa. Nilichoka mpaka nikasinzia darasani na kalamu mkononi.

Madame Régina, mwalimu wetu hapa Kasongo, hakunigombeza. Aliandika swali ubaoni: “Mtoto anapiga mswaki kila asubuhi. Mbona meno yake yanaoza?”

“Jibu mutalitafuta ninyi wenyewe,” alisema. “Kila kikundi kichague mutoto mumoja. Muandike vyote vinavyoingia mu kinywa yake siku tatu, tangu kuamuka mpaka kulala.”

Katika kikundi nilikuwa na Amisi na Aimée. Tulimchagua Sarah-Grâce, nami nikapewa kazi ya kuandika. Niliandika uji bila sukari, bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki na maji. Siku ya nne Amisi alisoma karatasi mara mbili, akakuna kichwa.

“Odile, huyu mutoto anakula muzuri kuliko sisi wote. Sasa meno inaoza juu ya nini?”

“Pengine ni wadudu,” alisema Aimée.

“Na hao wadudu wanakula nini?”

Vikundi vingine vilikuwa vimemaliza. Madame akatuambia twende tukamwangalie mtoto kwa macho yetu, basi mchana ule wote watatu tukampitia kwa jirani, tukaenda kwetu.

Tulipofika nyumbani tu, Sarah-Grâce alinyoosha mkono. “Yaya, muwa!” Ndivyo alivyoniita mimi dada yake.

Bila kufikiri nilimenya kipande cha muwa nikampa, akanyamaza. Amisi alinitazama.

“Hii mbona haukuandika?”

“Muwa haiko chakula,” nilimjibu. “Ni kitu ya kutafuna tu. Tena inasugua meno.”

Kwetu wote husema hivyo, na hata Aimée alitikisa kichwa kukubali. Lakini sikuwa nimesema ukweli wote. Siku ya pili nilishika kalamu niandike muwa, nikaiweka chini. Niliogopa. Kama muwa ndio ubaya, ningemnyamazisha mtoto huyu kwa kitu gani nipate kupika?

“Anatafuna mara ngapi?” Amisi aliuliza.

“Mara tatu. Na kipande ingine pa kitanda, ili alale.”

“Na mswaki?”

“Asubuhi.”

“Kwa hiyo sukari inalala mu meno usiku muzima,” Aimée alisema polepole, akaanza kuandika. Nililia mbele yao. Nilimwonea huruma mdogo wangu, nikajionea huruma na mimi.

Kesho yake nilimweleza Madame kila kitu. Jioni alikuja nyumbani. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, udongo wa shamba ukiwa bado miguuni. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Musimuseme Odile,” alisema. “Ni mimi nilimufundisha. Na mimi mama yangu alininyamazisha vile vile.”

Jumamosi Mama hakwenda shambani. Tulimpeleka Sarah-Grâce kwa mganga wa meno hospitalini. Jino moja liling'olewa. Mawili yalikuwa yameanza kutoboka, lakini mganga alisema yanaweza kuokolewa kama atapigishwa mswaki kabla ya kulala na muwa ukomee hapo.

Jumatatu kikundi chetu kilisoma karatasi mpya mbele ya darasa. Kisha Madame aliniita kando.

“Odile, mutu anayetafuta chanzo cha ugonjwa anaandika vyote, hata kile kinachomupatia haya. Kile ulificha ndicho kilikuwa kinamuumiza mutoto. Na siku ingine ukichoka, umuambie mama yako umechoka. Muwa haiwezi kulea mutoto.”

Jioni ile nilimpigisha Sarah-Grâce mswaki. Alilia, akadai muwa wake, akanipiga mateke. Nilivuta pumzi, nikasema, “Mama, nimechoka.”

Mama aliacha sufuria, akachukua kitambaa chake cha kubebea.

“Mulete hapa,” alisema. “Leo nitamubeba mimi. Wewe enda ulale.”