Radhi kwa Kinenawafu

Kinenawafu, mashine ya kusemesha wafu, kilipowashwa, sauti ya kijana ilijaa chumbani. "Shikamoo, mama." Bi Mwantumu akaitikia marahaba huku akijitanda kanga vizuri, ingawa mwanawe Mwinjuma alikuwa kaburini mwaka wa pili.

"Mama, nimekosa. Nipe radhi zako."

"Nimekupa, baba. Zote nimekupa."

Mashine ikazimika. Bi Mwantumu akatabasamu, na Dkt. Nakijwa, mwanasaikolojia aliyesimama nyuma ya kioo, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Jaribio lilikuwa lake. Katika Tanga ile mpya, ambako roboti zilichimba hata makaburi, alitaka kujua kama kuzungumza na marehemu hupunguza majonzi. Nusu ya wafiwa, kundi la jaribio, walipewa kinenawafu kilicholishwa mazungumzo halisi ya marehemu wao. Nusu nyingine, kundi linganishi, walipewa sauti iliyofanana na ya marehemu, lakini maneno yalitungwa na watafiti. Bila hao usingejua kinachoponya ni marehemu mwenyewe au ni kusemeshwa tu. Nani yuko wapi, hata Nakijwa hakuruhusiwa kujua mpaka siku ya mwisho, ndiyo leo, na siku hiyo sheria ilidai kila mshiriki aambiwe ukweli.

Maneno yale ya radhi aliyatunga yeye. "Mtoto gani wa pwani asiyeomba radhi?" aliwaambia wenzake, nao wakacheka na kukubali. Ujuaji huo! Mwinjuma ndiye mtoto huyo. Aliondoka nyumbani akimfokea mama yake, na mama akaapa hatampa radhi mpaka aje aziombe kwa kinywa chake. Mwinjuma akarudishwa ndani ya sanda.

Nakijwa akaingia, akaketi, akasema yote bila kupamba.

Bi Mwantumu akaitazama mashine. "Kwa hiyo aliyeniomba si Mwinjuma?"

"Siye, mama. Ni maneno yetu."

"Basi radhi zangu nimempa nani, binti?"

Nakijwa alichokuwa nacho cha kumpa ni haki ya kundi linganishi: jaribio likiisha, anayetaka huwashiwa kinenawafu cha kweli. Akaeleza hilo, na akaonya kwamba hicho hakitasema ambalo marehemu hakuwa na tabia ya kulisema.

"Niwashie."

Sauti ilikuwa ileile, ila haikuamkia. "Unataka nini tena, mama?"

Bi Mwantumu akashika kifua. "Huyu ndiye," alinong'ona. "Huyu ndiye wangu." Kisha akaisogelea mashine, akabembeleza kama anayemlisha mgonjwa. "Mwinjuma, huna la kuniambia?"

"Sina. Yaliyokwisha yamekwisha. Usinisumbue."

Machozi yakamtiririka yule mama. Nakijwa hakuweza kuvumilia. Akanyoosha mkono kwenye swichi. Alijua Mwinjuma hakuwahi kuomba radhi katika sekunde yoyote ya sauti zake zilizohifadhiwa, na kwamba mashine ingemjibu mama hivyohivyo kesho, na mwakani, na hata yeye Nakijwa atakapokuwa kikongwe.

Bi Mwantumu akaudaka mkono ule, akaukaza.

"Usizime," alisema. "Hajaniomba bado."