Dagaa Hawakaliwi

Boti ya Hamdani ilikuwa imeshafunguliwa kamba pale Kibirizi, injini inakohoa, Melania yumo ndani na mtoto wake Ritha. Niliingia ziwani na suruali yangu mpaka kiunoni, nikashika ukingo.

"Erasto, unapanda au unaoga?" Hamdani akaniuliza.

"Nipe dakika moja nizungumze na huyu mama."

"Boti haina dakika. Ina mafuta tu."

Abiria wakacheka. Melania hakucheka.

"Papa Erasto, achia boti."

"Kwenu bado bunduki zinalia."

"Kwetu kuko mama yangu, anajua dawa ya miguu. Hapa mumenambia polio, mumenambia uchawi, na mutoto anaburuta mguu tu. Mi nimechoka."

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba. Mimi ni mtu wa Kalinzi, kahawa ya baba niliikimbia nikiwa na miaka kumi na sita, na sikuwa nimewahi kukaa mahali pamoja miaka mitatu. Wakati huo nilikuwa naanika dagaa mchangani. Melania alivuka kutoka Kongo mwaka mmoja nyuma, mjane, akapanga chumba Buzebazeba, akaja kunichambulia dagaa. Yeye aliwaita ndagala. Ritha, miaka minane, alichambua pembeni yake. Nilimpenda yule mama na sikuwa nimemwambia.

"Kuna tabibu Mwandiga, anaitwa Telesphory," nikamwambia. "Yule hutazama kabla ya kusema. Akishindwa, nitakuvusha mwenyewe mpaka mlangoni kwa mama yako."

"Na wewe kule utafanya nini?"

"Nitaanika ndagala."

Ritha akamvuta mama yake kitenge. "Mama, tushuke. Dagaa wa jana hawajageuzwa."

Wakashuka.

Telesphory alimkalisha mtoto kitandani, mguu wa kulia ukaning'inia kama kitambaa kilicholowa.

"Inua vidole."

Havikuinuka. Akachukua unyoya wa kuku, akampitishia chini ya wayo, Ritha akacheka. Akampitishia juu ya mguu.

"Unasikia?"

"Hapana."

Akagonga goti kwa kinyundo, mguu ukaruka.

"Polio isingeacha goti likaruka hivi," akasema, "wala polio haitii ngozi ganzi. Mama, aliugua homa? Alidungwa sindano ya tako?"

"Hapana, tabibu."

"Binti, kazi yako nini?"

"Nachambua dagaa."

"Nionyeshe unavyokaa."

Ritha akachuchumaa, magoti yamekunjika hadi mwisho. Tabibu akamtazama kwa muda.

"Unakaa hivyo mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jua lizame."

Akamrudisha kitandani, akamgonga kwa kidole kando ya goti, upande wa nje, chini kidogo. Ritha akashtuka.

"Kama siafu wanatembea mpaka kidoleni."

"Basi ni hapa. Mshipa wa fahamu unaoinua mguu unapita juu ya huu mfupa, haujafunikwa na nyama. Ukichuchumaa kutwa, miezi na miezi, unabanwa mpaka unanyamaza. Kwa nini hukai chini, binti?"

"Papa Erasto amekataza. Anasema dagaa hawakaliwi."

Ni kweli, nilisema. Mtoto akikaa huburuta mchanga juu ya dagaa, na mimi nilijivunia dagaa wangu wasafi kuliko wa pwani nzima. Melania akageuka kunitazama. Nimetazamwa na wengi katika kutangatanga kwangu, polisi wakiwemo. Sijatazamwa vile.

Telesphory akatuagiza: asichuchumae tena, asikunje nne, mguu ushikwe na kibao usining'inie, unyooshwe asubuhi na jioni, na kila wiki mbili tumrudishe auone. "Miezi mitatu ikipita kimya, naandika barua hospitali kubwa wakaufungulie mshipa njia kwa kisu. Lakini mshipa ukiachiwa hurudi, polepole, kama mgeni aliyesusa."

Njiani Melania akauliza, "Ulijua?"

"Sikujua."

"Ungejua, ungenifuata majini?"

"Ningekufuata. Ila ningechelewa kidogo, kwa aibu."

Akambeba Ritha, akatangulia. Kazini hakurudi.

Nilikata dumu la plastiki nikatengeneza kibao, nikakivika kitenge. Nikachonga vigoda vifupi, kimoja kwa kila mtoto aliyechambua kwangu. Cha Ritha nilikipeleka Buzebazeba pamoja na kibao. Melania akavipokea mlangoni, akafunga mlango.

Wiki ya tatu nikaletewa karatasi, mwandiko wa mtoto:

"Papa Erasto, mama anasema uje unyooshe mguu, yeye anaogopa kuniumiza. Amesema nisiandike kwamba anaogopa."

Nikawa naenda asubuhi na jioni. Mwanzoni Melania alisimama dirishani. Baadaye akawa ananiwekea chai. Wiki ya kumi, nimeshika kisigino, kidole gumba kikainuka, kiasi cha punje ya mchele.

"Fanya tena," nikasema.

Kikainuka tena. Melania akakaa sakafuni, kitenge usoni.

"Papa Erasto," akasema ndani ya kitenge, "umechonga vigoda vyote hivyo. Mimi nitakalia nini?"

"Nikuchongee cha hapa, au cha nyumbani kwangu?"

"Wewe una nyumba?"

"Nitajenga."

"Basi jenga kwanza. Kigoda nitakingojea."

Tulioana mwaka uliofuata. Boti ya Hamdani siku ile ilifika salama, watu hungoja niseme ilizama, haikuzama. Hamdani aliacha ziwa, akauza vitambaa sokoni Mwanga. Telesphory alihamishwa, na nilisikia alifariki Kasulu. Mama yake Melania hatukuwahi kumfikia. Melania aliniacha mwaka wa elfu mbili na kumi na nne, alipokufa kwa presha, na nyumba ile sijaihama. Ndipo mahali nilipokaa muda mrefu kuliko pote. Ritha anatembea vizuri, akichoka tu vidole vyake hukwaruza sakafu. Ni muuguzi. Juzi alinitumia ujumbe:

"Baba shikamoo. Leo nimeletewa mtoto anaburuta mguu, wanasema karogwa. Nimemuuliza kwanza anakaaje."