Jina la Tano

Laini yao yote ya nyumba pale mtaani Ziwani ilimshukuru Mungu mtoto wa Nakhumicha aliponyamaza. Kitoto kile kilikuwa kimelia siku tisa, hata majirani wa zamu ya usiku, waliohitaji usingizi wa mchana, walikuwa wameanza kununa. Nakhumicha peke yake ndiye hakushukuru. Mtoto alinyamaza katikati ya kilio, mdomo bado wazi, kama redio iliyochomolewa. Kisha akageuza macho polepole kuelekea mlangoni, akamfuata kwa macho mtu aliyekuwa akiingia, na mlangoni hapakuwa na mtu. Chumba kikanuka udongo mbichi.

Ilikuwa saa nane mchana, Machi ya tisini na tisa.

Tuseme ukweli, Nakhumicha hakuwa mjinga. Zahanati walikuwa wamempima mtoto mara mbili wakasema ni mzima. Na kwao Bungoma, mtoto mzima anayelia anatafuta jina: huitiwa wafu wa ukoo mmoja mmoja, na anaponyamaza, basi huyo aliyetajwa ndiye aliyekuja. Shida ni kwamba Wekulo, mumewe, hakuwajua wafu wake. Marehemu baba yake, Mzee Sirengo, alimlea Pumwani bila kumtajia hata mmoja. Ukimwuliza habari za nyumbani alikuwa akivaa kofia na kutoka.

Nakhumicha akaamua kuwatafuta mwenyewe. Katika ofisi moja ya zamani huko Pumwani, karani aliyeitwa Omolo alimtolea kitabu cha wapangaji cha miaka ya thelathini, kurasa zikipukutika. Babu yake Wekulo alikuwa amepanga chumba kimoja na wanaume wengine watano, wote wa boma moja. Nakhumicha akanakili majina yote sita. La tano lilikuwa limepigwa mstari wa wino mwekundu. Alidhani mwenye jina alihama.

Wifi yake, Roseline, dadake Wekulo, alikuwa akifanya kazi kwenye duka la kompyuta mjini. Yeye alimwandikia barua pepe binamu yao Wesonga, aliyekuwa ng'ambo akikusanya habari za ukoo na kuziweka kwenye mtandao.

"Ngoja jibu kwanza, wifi," Roseline alimwambia. "Ni siku mbili tatu tu, hii si posta."

"Wewe huamki naye," Nakhumicha akajibu.

Hakungoja. Aliketi kitandani na karatasi yake, akasoma, na kwenye jina la tano, Lukorito, mtoto akanyamaza.

Tangu siku hiyo mtoto hakunyonya mpaka aitwe Lukorito. Kila siku saa nane mchana, wanaume wakiwa kazini na laini imetulia, udongo ulinuka tena, kisha kigoda kikakokotwa sakafuni upande wa pili wa pazia lililogawa chumba, taratibu, kama mzee anayetafuta pa kukaa karibu na moto. Nakhumicha alifungua pazia mara ya kwanza. Kigoda kilikuwa kimesogea, kikielekea kitanda cha mtoto. Hakufungua tena.

Siku ya nne Roseline akaja na jibu la Wesonga limechapishwa kwenye karatasi, hakuketi.

"Hilo jina mlishalitaja?" akauliza kwa sauti ya chini, kidole kikiwa kwenye jina Lukorito.

Nakhumicha akamkumbatia mtoto. Wekulo, aliyekuwa ametoka kiwandani sasa hivi, akaichukua karatasi akaisoma kwa sauti. Wesonga aliandika kwamba Lukorito alikuwa kaka yake babu yao. Alipotea Pumwani, hakuonekana wala hakuzikwa, na wazee wakalifuta jina lake. Watoto watatu walipewa jina hilo baadaye, na hakuna aliyefikisha mwaka. Wawili walikuwa wadogo zake Mzee Sirengo. "Ndiyo maana Mzee Sirengo hakuwataja wafu wetu," Wesonga alimalizia. "Tafadhali msimwite."

Wekulo akakunja karatasi. "Kuanzia leo," akasema, "hakuna atakayelitaja jina hilo katika nyumba yangu."

Walikuwa watu wa kanisa, na waliona haya, lakini walimwita Bi Qamar wa Majengo, mama aliyejulikana kwa kutoa majini. Alifukiza ubani, akasoma dua hadi jasho likamtoka, akamshika mtoto kichwani, kisha akautoa mkono haraka.

"Lililojiingiza lenyewe hufukuzwa," akamwambia Nakhumicha. "Hili lilikaribishwa, mwanangu, na aliyekaribisha ni mama mtu."

"Nifanye nini, Bi Qamar?"

"Mwiteni jina jingine mpaka alikubali. Atalia. Lile msilitaje, hata alie vipi."

Walianza asubuhi ya Jumamosi, Roseline akiwa nao. Sirengo, waliita, Sirengo mwanetu, jina la babu yako, na mtoto akalia, akalia hadi sauti ikakauka ikabaki pumzi tu, akakataa ziwa, akakataa maji ya kijiko, usiku ukapita, majirani wakagonga ukuta kisha wakaacha kugonga, na Jumapili kengele za kanisa zikalia na bado walikuwa wakiita Sirengo, Nakhumicha akiwa amepiga magoti na maziwa yakimlowesha blauzi, na saa nane ilipofika udongo ukanuka kuliko siku zote, kigoda kikakokotwa, kikapita pazia wote wakikiona, kikasimama mbele yao, na midomo ya mtoto ikaanza kuwa bluu.

"Anakufa," Nakhumicha akasema. "Wekulo, mtoto wangu anakufa."

"Usilitaje."

"Nimwite mfu gani mwingine? Niambie nimlete nani."

Wekulo alimtazama mwanawe. Kifua kilipanda kidogo, kikashuka, hakikupanda tena. Mwanamume yule alikuwa amemzika baba bila chozi, na sasa alilia waziwazi mbele ya mke na dada. Aliogopa, na hakuwa na la kufanya. Akampokea mtoto kutoka mikononi mwa mkewe, akainamisha mdomo sikioni mwake.

"Lukorito," akaita.

Kifua kikapanda. Rangi ikarudi mashavuni. Mtoto akafumbua macho, akamtazama baba yake vizuri, na kwa sauti nzito ya mtu mzima akaitika.