Mchanga Chini ya Nyasi

Siku ya tisa bila kuongea na mtu, Edelmira Chiguay aligombana na redio. Msomaji wa habari alisema leo kisiwa cha Chiloé kitapata jua. Nje, mvua ilikuwa inapiga bati tangu alfajiri.

"Mwongo wewe," Edelmira alimwambia. "Toa kichwa dirishani uone."

Kisha akaisikia sauti yake ndani ya nyumba tupu, akaizima redio.

Nyumba yake ilikuwa ya mbao, juu mlimani, peke yake. Kutoka hapo mpaka kijiji cha Quetrul ni mwendo wa saa nzima, na matope ya njia ile hayana huruma. Mumewe, Arsenio, alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Binti yao aliishi mbali kusini, mjini Punta Arenas. Alipiga simu kila Jumapili, upepo ukiruhusu. Kila asubuhi Edelmira alikaa dirishani na kikombe chake, akahesabu moshi wa majiko ya kijijini. Majiko kumi na moja. Alijua nani amechelewa kuamka, lakini hakuwa na mtu wa kumsimulia.

Arsenio alipokuwa hai, Edelmira alimwomba mara nyingi washuke wakaishi na watu. Arsenio alijibu neno moja tu: "Hapana." Hakusema kwa nini. Edelmira aliishi na hasira hiyo miaka arobaini, na hasira haikuzikwa pamoja na mumewe.

Basi akaamua kushusha nyumba.

Watu wa Chiloé hawahami nyumba, wanahama na nyumba. Wanaiweka juu ya magogo mawili na kuivuta kwa ng'ombe. Majirani wanasaidia bure, mwenye nyumba anapika. Sharti ni moja. Mwenye nyumba aende mlango kwa mlango, akae, aombe kwa kinywa chake. Kutuma salamu hakukubaliki. Kwa Edelmira, kuomba kulikuwa kama kumeza jiwe. Lakini upweke ulikuwa umemchosha zaidi, akameza.

Alianza kwa Mzee Baldomero, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote.

"Utaiweka wapi, shemeji?" Baldomero aliuliza.

"Kule uwandani, kwenye kiwanja cha wakwe zangu. Karibu na nyumba ya Otilia. Nikifungua dirisha nimsikie akikohoa."

"Otilia hakohoi, anagomba."

"Basi nimsikie akigomba."

Baldomero alicheka mpaka akashika mbavu.

"Na bahari?" Edelmira aliuliza. "Si ni karibu sana?"

"Bahari ilishakuja mwaka wa sitini, ikafagia uwanda wote. Mgeni wa namna ile haji mara mbili."

Quetrul nzima ilisema hivyo. Watu wa mwaka ule walikufa au walitawanyika. Hawa wa leo walihamia baadaye, wakakuta nyasi nzuri na uwanda mtupu.

Ilipobaki wiki moja, Edelmira alienda uwandani kupima mahali pa nyumba. Akamkuta msichana mwenye buti za mpira, amesimama ndani ya shimo lililomfika kiunoni.

"We! Nani kakwambia uchimbe kiwanja changu?"

"Shikamoo, mama. Mzee Baldomero aliniruhusu."

"Marahaba. Baldomero ni hodari wa kugawa visivyo vyake."

Msichana alicheka. Alikuwa Yasna Barría, binti wa waokota kome wa upande wa pili wa kisiwa. Alikuwa amesomea miamba na udongo, na sasa alizunguka pwani akichunguza ardhi.

"Shuka uone, mama."

Edelmira alishuka. Ukuta wa shimo ulikuwa na mistari: mweusi, kijivu, mweusi, kijivu.

"Udongo unatandikwa kama blanketi kitandani," Yasna alisema. "Tabaka lipi lilitangulia?"

"La chini. Hilo hata mtoto anajua."

"Basi nusu ya kazi yangu unaijua. Hii myeusi ni nyasi zilizooza miaka na miaka. Sasa shika hii ya kijivu."

Edelmira alisugua udongo kati ya vidole. Ulikuwa mchanga, na ndani yake vipande vidogo vya makombe.

"Labda uliletwa na mto."

"Na mimi niliwaza hivyo. Nikachimba mashimo sita. Karibu na bahari, mchanga una unene wa kiganja. Ukielekea mlimani unapungua, mpaka unakwisha. Ulitoka baharini, mama."

Edelmira alihesabu mistari ya kijivu. Minne. Akahesabu tena.

"Mwaka wa sitini ni mara moja."

"Ndiyo. Ni huu wa juu. Hii mitatu ilitangulia."

Kwa hiyo mgeni alikuwa anaijua njia. Edelmira alitaka kutoka shimoni, lakini macho yake yakanasa kwenye kisiki cha mti ndani ya ukuta.

"Na hiki?"

"Hiyo ni nguzo. Kinachokata tabaka kimekuja baada ya tabaka. Nguzo imetoboa mistari ya chini, yote mitatu. Kwa hiyo ilichimbiwa baadaye. Lakini tazama mchanga wa juu. Umelala juu ya kichwa cha nguzo, haukutobolewa."

Edelmira alielewa kabla Yasna hajaendelea. "Nguzo ilikuwepo kabla ya mwaka wa sitini. Hapa palikuwa na nyumba."

Nguzo ilikuwa imevunjika, imeinama kuelekea mlimani. Kiwanja kilikuwa cha wazazi wa Arsenio. Arsenio aliwahi kumwambia kwamba mama yake alifariki yeye akiwa na miaka kumi. Hakusema wapi, wala kwa nini. Edelmira akahesabu miaka: ulikuwa mwaka wa sitini.

"Ungesema!" Edelmira alilia kwa sauti. "Arsenio, ungesema tu!"

Yasna aliweka sepetu chini. Alimshika mkono, akampandisha, akamsindikiza mpaka kwake. Siku hiyo vikombe viwili vilikaa mezani.

"Atarudi?" Edelmira aliuliza. "Huyo mgeni."

Yasna alivuta beseni la maji na kipande chembamba cha ubao. "Ganda la dunia si kipande kimoja, mama. Ni mabamba makubwa, na mpaka wa mawili uko hapa kwetu, chini ya bahari. Sakafu ya bahari inaingia chini ya nchi yetu, upana wa vidole vinne kila mwaka. Lakini haitelezi vizuri. Inakwama." Aliweka ubao ukingoni mwa beseni, akaupinda ncha ikazama. "Ukingo wa nchi unavutwa chini, unapinda hivi. Miaka mingi. Halafu…"

Akaachia. Ubao ulifyatuka, maji yakarukia mapajani mwa Edelmira.

"Mtoto mpuuzi wewe! Baridi!"

Walicheka wote wawili. Edelmira ndiye aliyeacha kwanza.

"Lini?"

"Hakuna anayejua. Pengine miaka mia mbili. Pengine Alhamisi. Na matetemeko madogo huja katikati ya makubwa."

"Nina miaka sitini na sita. Mia mbili zinanitosha."

"Na Alhamisi je?"

Edelmira alitazama moshi wa kijijini. "Mwanangu, nikikaa huku ninakufa kwa ukimya. Nikishuka nitakufa maji. Nichague lipi?"

"Pale katikati ya mlima na uwanda, upande wa juu wa kanisa. Nimechimba pale. Ni udongo wa manjano tu, hakuna hata punje ya mchanga wa bahari. Ni shamba la viazi la Mzee Baldomero."

"Yaani nikaombe upya?"

"Milango yote, mama."

Safari ya pili ilikuwa chungu kuliko ya kwanza. Baldomero alikuna kichwa muda mrefu. Mwishowe akasema chukua, viazi vyenyewe vinanidharau. Otilia ndiye aliyewaka.

"Kwa hiyo sisi wa uwandani ni wajinga?"

"Sijasema hivyo. Njoo shimoni uone kwa macho yako."

"Mimi nikasome matope? Nenda zako huko juu!"

Siku ya kuvuta, jozi kumi na mbili za ng'ombe zilifungwa nira. Yasna aliwaambia waliokuja, "Siku mkitikiswa mpaka kusimama kunawashinda, msingoje king'ora. Pandeni hapa. Na msishuke wimbi la kwanza likirudi. Mengine hufuata." Kisha nyumba ikaanza kutembea, inalia kila ubao, watu wakipiga kelele. Walikula nguruwe na viazi mpaka jioni. Otilia hakuja.

Edelmira sasa aliona watu wakipita barabarani. Walimpungia mkono. Lakini dirisha la Otilia lilibaki limefungwa, na mara nyingi kupungiwa mkono hakutoshi.

Mwezi Machi, saa nne asubuhi, ardhi ilitikisika. Vyombo vilianguka. Edelmira alipiga magoti chini ya meza. Ilipotulia, alitoka nje akaona watu wa uwandani wanakimbia kupanda. Hakuna aliyengoja king'ora. Kilipolia, wengi walishafika nusu ya njia.

Otilia alikuwa bado uani kwake, anakamata kuku.

"Otilia! Acha kuku! Panda!" Edelmira alipaza sauti mpaka koo likauma. "Panda, tutagombana huku huku!"

Otilia alipanda na kuku mmoja kwapani. Baada ya nusu saa bahari ilikuja uwandani, taratibu, bila kishindo. Ilipita kiwanja cha wakwe wa Edelmira ikiwa kimo cha kiuno. Ikaingia kwa Otilia mpaka dirishani. Ikarudi, ikaja tena. Lakini watu wote walikuwa juu, na Edelmira aliwahesabu mara tatu.

Jioni tangazo lilitoka kwamba hatari imepita. Watu walishuka kuokota vyao, na nyumba ya Edelmira ikawa kimya. Otilia hakushuka. Aliingia, akakaa kitini, mgongo umenyooka, mikono magotini, kama wanavyokaa watu waliokuja na jambo.

"Edelmira, nimekuja kuomba. Nataka kuipandisha nyumba yangu."

"Sina ng'ombe, Otilia. Unajua."

"Najua. Ng'ombe nitamwomba Baldomero kesho," Otilia alisema. "Leo nimeanza kwa jirani."