Waridi Lililoshika Kaburini

Magharibi ikiingia, Loveth aligonga geti la bati nyumbani kwa Mama Sesilia, Munisagara. Kesho yake angeolewa na Bonifas, na Bonifas alikuwa mkwe wa mama huyu kabla binti yake Irine hajafa. Bonifas ndiye aliyemtuma: nenda kamwombe mama baraka, na maua ya harusi. Roho ya Loveth haikutaka kabisa, lakini angekataa kwa sababu gani?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita bustanini."

Mawaridi yalikuwa yamefurika mpaka ukutani. Lakini harufu iliyompokea haikuwa ya maua... Ilikuwa ya uji wa pilipili manga.

Uji wa mzazi.

Uji ule ule ambao Loveth alimpikia Irine siku ya tatu baada ya kujifungua, akautia unga wa mganga. Mtu na shoga yake! Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

"Unakumbuka maziko?" Mama Sesilia alinong'ona. "Mliitwa marafiki, kila mmoja akachomeka ua kwenye udongo wa kaburi. Yote yalikauka. Moja likashika mizizi."

"La nani, mama?"

"Lako."

Loveth aliangalia geti.

"Wazee wetu walisema, ua la kaburini halishiki ila kwa mkono uliomuua aliyelala chini. Nikaling'oa, nikalipanda hapa. Nikakungoja."

Loveth aligeuka akimbie.

Miguu haikunyanyuka.

Udongo ulikuwa umemfika vifundoni, wa baridi, na ndani yake kitu kilikuwa kinamshika vidole... kimoja... kimoja... Mama Sesilia akaleta ndoo, akammwagia maji miguuni, kisha akashindilia udongo kwa kisigino. Chuki ya mwaka mzima ilikuwa kwenye kisigino kile.

"Nisamehe, mama..."

"Tulia. Kipando kikitikiswa hakishiki."

Asubuhi Bonifas alikuja mbio, suti mwilini, akiuliza kama bibi harusi wake alifika. Loveth alimwona. Akamwita kwa nguvu zake zote. Bonifas aligeuka, akalitazama waridi moja jekundu kando ya njia, akalinusa, akakunja uso.

"Mama, hili sikuwahi kuliona."

"Jipya hilo. Huyo mwenzako sijamwona, baba. Lakini kwa kuwa umefika, kata hilo ukampelekee Irine kaburini."

Akampa mkasi. Bonifas akainama. Loveth alipiga ukelele, na majani yakatikisika kidogo tu.

Bonifas akasita.

"Kata tu, baba," alisema Mama Sesilia. "Litachipua tena."