Kiganja cha Nta

Mimi ni mtengeneza mishumaa, na sipendi maneno ya kuzungukazunguka. Jioni ile ya Novemba nilibeba ndoo ya nta kwenda kwa Bibi Drusilla Crake, kama kila Alhamisi.

London nzima ilimjua. Binti wa dobi, aliyeanza kusikia mizimu ikigonga meza tangu utotoni, sasa alialikwa na mabwana wakubwa. Alichovumia ni hiki: anafungwa kitini nyuma ya pazia, taa inashushwa, mzimu unachovya mkono kwenye nta ya vuguvugu, kisha kwenye maji baridi. Mkono unatoweka. Kinabaki kiganja kitupu cha nta, kama glovu.

Mke wangu Tabitha alikuwa akingoja kiganja cha Lettie wetu, aliyekufa kwa homa. Alikuwa hali chakula wala halali usingizi. Alikuwa anamfuata mtoto kaburini huku namwangalia.

Basi nikaamua kumwumbua yule mwanamke.

"Mzee wa mishumaa," Bibi Crake alinitania huku wageni wakimfunga kamba, "leo umekuja na sura ya mazishi. Umefiwa tena?"

Kuna waliocheka. Tabitha, aliyekuwa kando yangu, akanibana mkono nisijibu.

"Haya, kapashe nta. Vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto."

Niliipasha jikoni mpaka ikatoa moshi. Nikaifunika, nikaiweka mwenyewe nyuma ya pazia, na taa ilipokuwa inashushwa nikakiondoa kifuniko. Tapeli akichovya, nilijisemea, atalia kwa sauti yake halisi, na mke wangu atasikia.

Giza.

Kimya.

Kisha... chubwi.

Yowe lililotoka halikuwa la mtu mzima.

"Baba... inaunguza."

Harufu ya ngozi iliyoungua ikatufikia.

Nililivuta pazia likakatika. Bibi Crake alikuwa kitini, kamba zote mahali pake, mikono imefungwa nyuma, mikavu, haina hata alama.

"Umefanya nini, mjinga wewe?" alinong'ona. "Umemfanya nini?"

"Umemficha wapi huyo mtoto?"

Nilipekua sakafu, ukuta, mpaka chini ya gauni lake. Hapakuwa na mlango wala tundu. Kwenye beseni la maji baridi kilielea kiganja kidogo cha nta. Ndani yake kulikuwa kumeganda utando wa ngozi.

Wiki hiyohiyo Bibi Crake alihama, hajulikani alikokwenda. Majirani wananipongeza kwa kumfukuza. Mimi nanyamaza. Maana kama alikuwa tapeli, basi kuna mtoto wa mtu niliyemchoma, na yuko hai mahali fulani. Na kama hakuwa tapeli...

Tabitha sasa anakula. Kila jioni anakipaka kile kiganja mafuta ya bata bukini, kwa ndani, kwa kidole kimoja, taratibu. Asubuhi kinakutwa kikavu.

Jana nilimwomba nikishike.

"Subiri kwanza," alisema bila kunitazama. "Kidonda kinapona. Ila akisikia hatua zako, anaanza kulia."